Mipango ya vijiji Kagera: Ipangwe kwa msimu, si kwa idara

Vijiji vya Ngara na Biharamulo, kama vingine nchini, hupanga maendeleo kwa mfumo wa Fursa na Vikwazo (O&OD), ulioanza kutumika miaka ya 2000. Kazi zinazoorodheshwa ni nyingi. Tatizo ni jinsi zinavyopangwa.

Kwa kawaida orodha hugawanywa kwa sekta: kilimo, mifugo, barabara, maji. Mpangilio huo humfaa mhasibu, kwani fedha hutolewa kwa mafungu. Mkulima, hata hivyo, hufuata mvua. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1, na maharage ya vuli hupandwa mvua za Septemba zikianza. Mbegu zikifika Desemba, kitabuni kazi imetekelezwa, lakini shambani msimu umepita.

Mfano mwingine ni mnyauko wa migomba, ulioingia Kagera miaka hiyo hiyo ya 2000. Kuudhibiti kunahitaji kuondoa ua dume, kung'oa migomba iliyougua, kusafisha panga na kupanda miche safi. Kazi hizo zikitawanywa kati ya elimu, pembejeo na sheria ndogo, ugonjwa hurudi kutoka shamba la jirani.

Mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila baada ya miezi mitatu. Hapo ndipo wananchi wadai orodha isomwe kwa msimu, kila kazi na mhusika wake na tarehe yake. Mfanyabiashara wa ndizi naye atajua barabara itapitika lini.

Mvua haisubiri kikao.