Usinunue Bomba kwa Uzito wa Bati

Mwenye mtaji wa kufungua kiwanda kidogo cha kusaga na kukoboa pale Bukiriro, au popote kati ya Ngara na Biharamulo, ana sababu ya kutazama mbele. Mahindi na kahawa vinalimwa wilayani, na mtambo wa umeme wa Rusumo, wa megawati 80 zinazogawanywa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi, uko mpakani pale pale Ngara. Wengi huuliza bei ya mashine na mota. Ni wachache wanaouliza mabomba ya kufyonza vumbi yatashikiliwa na nini.

Hapo ndipo mtaji unapoweza kuanguka. Fundi hunyanyua kipande cha bomba, hukiona chepesi, kisha hukining'iniza kwenye kenchi. Tupige hesabu. Bomba la bati lenye kipenyo cha sentimita 50 na unene wa milimita 1.5 lina uzito wa kilo 18.5 kwa mita. Ukiongeza maungio, chukua kilo 20. Vishikilio vikiwekwa kila baada ya mita 3, kila kimoja kitabeba kilo 60.

Lakini bomba halinunuliwi likae tupu. Vumbi la nafaka huhitaji hewa iendayo kasi ya mita 18 hadi 20 kwa sekunde. Mkanda wa feni ukilegea, au mifuko ya kuchujia ikiziba, kasi hushuka na unga hutua ndani. Pima vumbi lako kwa ndoo ya lita 20. Ikitoa kilo 10, basi mita 3 za bomba lililojaa zina karibu kilo 295 za unga. Jumlisha na bati: kilo 355. Huo ni karibu mara sita ya ule uzito wa kwanza, na kenchi ile ilijengwa kubeba paa tu.

Kuna watakaosema bomba halijai lote. Ni kweli, lakini likijaa nusu tu, kishikilio kinabeba kilo zaidi ya 200. Likianguka, litaangukia wafanyakazi na mashine, na mkopo wa benki utaendelea kudai. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 nayo humbana mwenye kiwanda.

Maoni yetu ni haya: kabla ya kutoa malipo ya awali, dai tarakimu tatu kwa maandishi, yaani uzito wa bomba likiwa tupu, uzito likiwa limejaa, na umbali kati ya vishikilio. Agiza nguzo za chuma zinazosimama sakafuni, na milango ya kusafishia kwenye kila kona. Makadirio ya bei yasiyo na tarakimu hizo, hata yakiwa nafuu, yaache mezani.