TAHARIRI: Sura Iliyokaribia Kuwa ya Mtu

Mwezi Oktoba 2017, mjini Riyadh, roboti iitwayo Sophia, iliyoundwa na kampuni ya Hanson Robotics ya Hong Kong, ilitangazwa kupewa uraia wa Saudi Arabia. Picha zake zilitufikia hata sisi. Nasi, kabla ya kufikia hoja yoyote ya uraia (na hoja zipo!), mwili ulitusisimka kwa kuutazama tu uso ule.

Ndugu msomaji, usiharakishe kusema ni jini. Mwaka 1970 Masahiro Mori, profesa wa roboti nchini Japani, aliandika kwamba kadiri chombo kinavyofanana na binadamu ndivyo nafsi inavyokielekea, mpaka kinapokaribia mno. Hapo mapenzi huporomoka ghafla, mithili ya mpanda mlima aliyetumbukia bondeni. Mashine ya kiwandani haitutishi, wala mwanasesere wa mtoto. Kinachotisha ni ngozi iliyo kama ngozi na jicho lililo kama jicho, kisha midomo ikacheka ilhali macho yamebaki makavu. Filamu ya katuni The Polar Express ya mwaka 2004 ililaumiwa kwa sababu hiyo hiyo: watoto wake walionekana kama hawana uhai machoni.

Wataalamu wametofautiana kuhusu sababu. Wako wasemao nafsi hukumbushwa maiti au maradhi. Wengine husema akili hutaabika kwa kushindwa kuamua kama kilicho mbele yake ni mtu au kitu. Lakini mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, waliona kwamba hata kima huziepuka sura za kima zilizochorwa kwa kompyuta zikakaribia uhalisi. Basi hofu hii si ya kufundishwa na filamu peke yake.

Wala si hukumu ya sharia. Suala la kutengeneza sura lina dalili zake na wanazuoni wake, nasi hatukubali lijengwe juu ya msisimko wa ngozi. Tena msisimko huo si mlinzi wa kutegemewa, kwani leo kompyuta huiga sauti ya mzazi wako ikakuomba fedha kwa simu, na nywele hata moja isikusimame. Kata simu, kisha mpigie mwenyewe kwa namba yake uijuayo.

Lakini lililotusukuma kuandika ni jingine. Miongoni mwa mifano ya Mori ulikuwamo mkono wa bandia, uliotengenezwa vizuri hata ukadhaniwa wa kweli. Anayeupokea katika salamu hushtuka kuukuta wa baridi, usio na mifupa. Ajabu ni kwamba mshtuko ule ule tunaouona kwa roboti humwangukia mja mwenye nafsi, ambaye hakuchagua kupoteza kiungo chake. Kushtuka hakuna dhambi, kwa kuwa hatukumiliki. Kurudisha mkono nyuma ni kitendo, na kitendo kina mwenyewe.

Tunamjua muumini mmoja aliyekatwa mkono na mashine ya kukobolea. Zamani alikuwa wa kwanza kutoa mkono baada ya swala. Siku hizi huuficha ndani ya kanzu, husubiri safu zivunjike, kisha hutoka kwa mlango wa nyuma.