TDAH kwa watu wazima: chakula kinasaidia, lakini kaye na saa vinasaidia zaidi

Katika muda wa miaka sita nilipoteza kazi tatu hapa Bukavu. Sikuiba, sikulewa. Kosa lilikuwa lile lile kila mara: ripoti ya Ijumaa ilifika Jumatano, funguo za biro zilipotea, mkutano wa saa mbili nilifika saa tatu. Mkubwa wangu wa mwisho aliniambia mbele ya wenzangu: « Akili unayo, lakini uvivu umekushinda. » Nyumbani, mke wangu alichoka kusikia kwamba nimesahau tena kupeleka pesa za likirimba. Shangazi yangu alisema nimelogwa, akanipeleka kwenye chumba cha maombi. Nilifunga siku tatu bila kula. Siku hizo nilisahau mambo kuliko siku zote.

Mwaka uliopita mwanasaikolojia mmoja aliniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: « Ulipokuwa shule ya msingi, ulikuwa mtoto wa namna gani? » Mama alikuwa bado anatunza bulten zangu. Kuanzia mwaka wa pili mpaka wa sita, walimu mbalimbali waliandika karibu maneno yale yale: anafahamu, lakini hatulii, anasahau kaye, hamalizi zoezi. Hapo ndipo nilipopata jina la shida yangu: TDAH, yaani shida ya uangalifu na ya kutotulia.

Wengi wanafikiri ni jambo la watoto watundu tu. Hapana. Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) linaihesabu kati ya shida za ukuaji wa ubongo, na uchunguzi uliofanyika katika nchi nyingi unaonyesha kwamba inagusa watu wazima 2 au 3 hivi kwa kila 100. Mtu mzima harukiruki tena juu ya viti. Kutotulia kumeingia ndani ya kichwa: anaanza kazi nne, hamalizi hata moja, na nguvu ya kuanza anaipata usiku wa mwisho.

Lakini tuwe waangalifu. Tangu vita vilipofika Goma Januari 2025, kisha Bukavu Februari, watu wengi hawalali vizuri, wanashtuka ovyo, wanasahau. Hiyo inaweza kuwa alama ya woga na huzuni, wala si TDAH. Malaria, kupungukiwa damu na kukosa usingizi pia vinavuruga akili. TDAH inaanza utotoni, na ndiyo sababu daktari anatafuta alama zilizoonekana kabla ya miaka 12. Aliyekuwa mtulivu mpaka juzi atafutiwe sababu nyingine.

Tangu nilipoanza kusema jina hilo waziwazi, kila mtu ananiletea shauri la chakula. Mmoja aliniuzia unga wa « asili » kwa dola 30, akiniapia kwamba baada ya wiki tatu ubongo utatulia. Mwingine alisema adui ni sukari. Ninawaambia wasomaji waziwazi: hakuna chakula kinachoponyesha TDAH, na anayekuuzia dawa hiyo kwa kopo anakula pesa zako.

Tutazame yanayojulikana. Kuhusu sukari, watafiti wa Marekani walikusanya majaribio mengi na kutangaza matokeo mwaka 1995: sukari haikubadilisha tabia ya watoto. Kuhusu rangi zinazotiwa katika vinywaji na bonboni, jaribio la Uingereza la mwaka 2007 lilionyesha kwamba mchanganyiko wa rangi hizo na dawa ya kuhifadhi chakula uliwaongezea watoto kutotulia, na tangu 2010 nchi za Umoja wa Ulaya zinalazimisha onyo kwenye vifungashio vya rangi sita. Lakini badiliko lenyewe lilikuwa dogo, na lilipimwa kwa watoto. Mafuta ya samaki nayo, faida yake ikionekana, ni ndogo. Ndiyo maana mwongozo wa waganga wa Uingereza wa mwaka 2018 haupendekezi mafuta hayo kama tiba. Unasema mtu ale vizuri, vyakula vya aina mbalimbali, na afanye mazoezi ya mwili.

Basi chakula kina kazi gani? Nitasema yangu. Zamani nilitoka nyumbani na chai ya sukari na mandazi mawili. Ilipofika saa nne nilikuwa na njaa na hasira, na macho yalisoma mstari mmoja mara tano. Sasa ninakula maharagi yaliyobaki jana, au yai, au sambaza na kipande cha muhogo. TDAH haikuondoka. Lakini kichwa chenye njaa kinasahau maradufu, na hilo nimeliondoa. Kahawa yetu ya Kivu ninaipenda, ila baada ya saa nane za mchana siigusi, maana inaniibia usingizi, na usiku mbaya unaharibu siku nzima inayofuata. Na mwenye kuchokachoka apimwe damu, hasa akina mama: kukosa madini ya chuma kunachosha mwili na akili. Ndimu au nyanya ikiliwa pamoja na maharagi au sombe inasaidia mwili kupokea chuma hicho, lakini chai inayonywewa pamoja na chakula inakizuia.

Kilichobadilisha maisha yangu zaidi hakiliwi. Nina kaye moja tu, ndogo, inakaa mfukoni. Jambo lisiloandikwa humo ninalihesabu limekwisha kusahauliwa. Simu inalia mara mbili kwa kila miadi: mara ya kwanza nijitayarishe, mara ya pili nitoke. Ripoti kubwa ninaikata vipande vya dakika ishirini. Na kazi ngumu ninaifanya nikiwa nimeketi karibu na mwenzangu anayefanya yake. Uwepo wake tu unanishika kitini. Asubuhi ninapanda mlima kwa miguu kwenda kazini. Namna hii ya kujipanga imejaribiwa pia. Huko Marekani, jaribio la mwaka 2010 kwa watu wazima 86 lilionyesha kwamba waliofundishwa kupanga kazi na kupambana na vikengeusha-fikira walipata nafuu kuliko waliofundishwa kutuliza mwili tu. Ni kweli kwamba wote walikuwa tayari wanatumia dawa.

Sipingi dawa. Aliyeandikiwa na daktari asiiache kwa sababu ya maneno yangu. Lakini dawa inayojulikana zaidi, metilfenidate, iliombewa nafasi katika orodha ya dawa za lazima ya OMS mwaka 2019 na tena 2021, ikakataliwa. Ulaya mtu anaweza kuchagua kati ya dawa na njia nyingine. Kwetu, wengi hawana la kuchagua, na katika pengo hilo ndipo wanapoingia wauzaji wa unga na wanaotoza pesa kufukuza mapepo.

Kwa hiyo nina maombi kwa wale wanaoweza kutusaidia bila kutoa hata franka moja. Wakubwa wa kazi: toeni maagizo kwa maandishi, na badala ya kungoja mwisho wa mwezi, ulizeni kila wiki kazi imefika wapi. Mimi leo nina kazi kwa sababu mkubwa wangu wa sasa anafanya hivyo. Familia: acheni maneno « mvivu » na « amelogwa » kabla ya kumpeleka mtu kwa mwenye ujuzi. SOSAME iko hapa Bukavu, Tulizo Letu iko Goma. Mahali hapo si pa watu waliopoteza akili tu. Viongozi wa afya: mfundisheni muuguzi wa kituo cha afya kuuliza swali lile moja kuhusu utoto.

Na wewe uliye na kaka, mke au mtoto mkubwa unayemwita mzembe kila siku, fungua sanduku la nyumbani utafute bulten zake za shule ya msingi. Soma walimu waliandika nini. Kisha mwende pamoja kumwona daktari, mkizibeba.