Moshi wa Shamba la Kuazima

Kila mwaka mvua za vuli zinapokaribia, mtu asimamaye Matombo wakati wa jioni na kuinua macho yake kuelekea milimani huona mistari ya moto ikipanda miteremko. Ni mabua ya mahindi, majani ya mpunga na magugu makavu yanayoteketezwa ili shamba liwe tayari kwa jembe. Usiku hewa ya baridi hushuka kutoka Uluguru na kutulia bondeni, na moshi hutulia pamoja nayo, umefunikwa na hewa yenye joto iliyo juu yake. Kunapokucha watoto huenda shule wakikohoa, na wazee wenye pumu hubaki ndani.

Moshi huo hauishii kuwasha macho. Chembe zake zilizo ndogo kuliko mikromita 2.5 hupita puani bila kizuizi, zikaingia ndani kabisa ya mapafu, na nyingine hufika hata kwenye damu. Katika mwongozo wake wa mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba wastani wa chembe hizo kwa siku nzima usizidi mikrogramu 15 katika kila meta ya ujazo ya hewa. Mtoto mchanga abebwaye mgongoni hakushika kiberiti, wala hana pa kuhamia. Mama ambebaye naye ametoka kupika kwa kuni juu ya mafiga, hivyo moshi wa shambani humkuta akiwa tayari amevuta wa jikoni. Ndiyo maana tunasema kwamba jambo hili ni la haki, wala si la kilimo peke yake.

Shamba lenyewe nalo halifaidiki kama tunavyodhani. Majivu huipa mimea nguvu ya haraka katika msimu wa kwanza, lakini karibu naitrojeni yote iliyokuwamo katika mabua hupaa pamoja na moshi. Majivu yanayosalia juu ya mteremko mkali huchukuliwa na mvua za kwanza, pamoja na udongo ulioachwa uchi, hadi mto Ruvu. Wakazi wa Dar es Salaam, ambao sehemu kubwa ya maji yao hutoka katika mto huo, hupokea tope letu. (Wao nao wanapaswa kufikiri wanamdai nini mkulima wa mlimani, na wanadaiwa nini naye.)

Je, basi, mkulima akamatwe na kutozwa faini? Matombo inalo jibu lake. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 serikali ya kikoloni ilileta mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru: watu walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi, wakakatazwa kuchoma moto na kulima kandokando ya mito. Matuta yaliufukua udongo wa chini usio na rutuba, na mavuno yakapungua. Julai 1955 ghasia zilizuka papa hapa Matombo, mtu mmoja akapoteza maisha yake, na mpango ukaachwa. Wako waliosema kwamba Waluguru walikataa maendeleo. Kwa maoni yetu walikataa kuamriwa juu ya ardhi yao na watu wasiowauliza neno.

Kwani anayewasha moto ni nani? Tuseme ukweli ambao katika vikao vyetu hunong'onwa tu. Katika Uluguru ardhi ni ya ukoo upande wa mama, nao wajomba na wazee ndio wasemaji wake. Asiye wa ukoo huo hulima kwa kuazima, akitoa malipo yaitwayo ngoto, wala haruhusiwi kupanda miti ya kudumu, kwa kuwa mti huonekana kama dai la ardhi. Mtu wa namna hiyo hajui kama mwakani atalima palepale. Kulaza mabua kwa mistari kukingama mteremko, ili yaoze na kuushika udongo, ni kazi ambayo faida yake huonekana baada ya misimu kadhaa. Atamfanyia nani kazi hiyo? Kiberiti humaliza kwa saa moja kazi ambayo kwa jembe la mkono ingechukua siku nyingi, na mara nyingi jembe hilo limeshikwa na mwanamke. Tukubali pia kwamba mabua yasiyochomwa huweza kuhifadhi panya na viwavi watoboao mabua; anayemshauri mkulima asichome na amwambie hayo pia.

Hatuna budi, kwa hiyo, kuanzia kwenye ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inatambua umiliki wa kimila. Ukoo haulazimiki kugawa ardhi yake. Unaweza kuikodisha kwa muda unaojulikana, tuseme miaka mitano, mapatano yakaandikwa mbele ya serikali ya kijiji, na ngoto ikapunguzwa kwa yule asiyechoma. Palipo na hofu ya wadudu, majirani wakubaliane kuchoma sehemu ndogo tu, kwa zamu, mchana, mbali na msitu wa hifadhi.

Wajomba, ninyi ndio mnaopokea ngoto. Mabua ya mwaka huu yangali shambani, na wakati wa kukaa na wale mliowaazima ardhi ni huu, kabla ya vuli.