Kumfunika Mvivu si Mapendo

Twajua kuna watu watakaokunja uso wakisoma maneno haya. Wengine watauliza kwa nini katekista anaingilia mambo ya walimu. Tutajibu mara moja: kwa sababu tuliitwa kuyaingilia. Mwalimu wa darasa la tatu wa shule moja ya msingi, kwenye njia ya kutoka Kasongo kwenda Kabambare, alikwenda kujifungua, na shule ikakosa mtu. Padri akatukumbuka sisi, maana tulikaa seminarini miaka kadhaa kabla ya kurudi nyumbani na kushika kazi ya katekesi. Akasema: «Kawasaidie mpaka Pasaka.» Tukachukua chaki. Mshahara haukutajwa, wala sisi hatukuuliza.

Darasa letu lilikuwa na watoto 58. Nyuma ya ukuta wa mikeka kulikuwa na darasa la nne, watoto 49, na mwalimu wao ni mtu aliyeandikwa na serikali, jina lake limo katika orodha ya malipo tangu zamani. Hatutalitaja, wala la shule. Kengele ya shule ile hulia saa moja na nusu. Jumatatu ya kwanza mwenzetu alifika saa tatu, akaandika tarehe ubaoni vizuri sana (ana mwandiko mzuri, tusimnyime haki yake), akampa kiranja kitabu ili awaandikie wenzake ukurasa mzima, kisha akatusalimu kwa heshima: «Katekista, uniangalizie hawa kidogo.» Akapanda pikipiki. Kidogo hicho kilimalizika Alhamisi.

Juma la pili tuliondoa mikeka miwili ukutani, tukasimama pale pale katikati, mguu mmoja darasa la tatu, mguu mwingine darasa la nne. Upande huu kuzidisha, upande ule Kifaransa. Mtu asiyepata kufundisha atasema yawezekana. Ndiyo, yawezekana, kama mama awezavyo kunyonyesha mapacha. Lakini mapacha wetu walikuwa 107.

Alikuwa akienda wapi? Watu wa huku hawana haja ya kuambiwa. Salamabila kuna dhahabu, penye dhahabu kuna wachimbaji, na wachimbaji hula. Mafuta ya mawese na mchele hupata huko bei ambayo chaki haiwezi kushindana nayo. Sisi hatusemi kwamba biashara ni dhambi. Mwalimu mwenye shamba la mpunga, na mke wake akiuza sombe sokoni, twamsifu. Jioni ni yake, na Jumamosi ni yake. Lakini asubuhi tano za juma alikwisha kuziuza, na bei yake huipokea. Basi aziuze tena mara ya pili kwa haki gani?

Siku moja mkaguzi alikuja. Habari zake zilimtangulia kwa simu, na mwenzetu akawapo kabla ya kengele, shati limepigwa pasi. Usiku uliotangulia alikuja nyumbani kwetu kuazima daftari ambamo tulikuwa tukitayarisha masomo ya darasa lake, akalinakili lote mpaka usiku wa manane. Mkaguzi akausifu mwandiko wake. Kwetu alisema tujitahidi kuandika kwa unadhifu zaidi. Tulicheka siku ile.

Mwisho wa mwezi alirudi kutoka Kasongo na mshahara wake, akatuletea vipande viwili vya sabuni na samaki wakavu. Twaungama hapa mbele ya wasomaji: tulipokea, tena tulishukuru. Na mkurugenzi wa shule, mtu mpole asiyependa kelele, alipotuomba tumtilie mwenzetu alama katika daftari la mahudhurio ili mambo yaende sawa, tulitia. Siku tisa tulitia alama kwamba yupo mtu ambaye hayupo.

Katikati ya Kwaresima tulimwita msichana mmoja wa darasa la nne asome. Akasoma bila kukosea hata neno. Tukafunua ukurasa mwingine, naye akasoma yale yale ya ukurasa wa kwanza. Alikuwa amekariri kwa masikio, herufi hakuzijua. Mama yake hubeba mawese kichwani ili apate franka za kumnunulia daftari. Nanyi mwajua kwamba miaka hii ya katikati ndipo mtoto avukapo kutoka Kiswahili kwenda Kifaransa. Asipovushwa hapo atabaki ng'ambo hii, na mtihani wa mwisho wa darasa la sita utamkuta huko huko. Siku ile tulikataa kutia alama ya kumi.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mzee mmoja wa jumuiya alitujia na kusema: «Katekista, wataka kumwaga chakula cha watoto wa mwenzako? Mtu wa Kanisa ana mapendo namna gani?» Kwa wiki mbili tulilisikia neno hilo kila tulipopita. Basi tulijibu hapa, maana si la mzee yule peke yake, bali lasemwa katika vijiji vingi.

Wasema mshahara ni mdogo. Ni kweli, nasi hatutamtetea anayechelewesha mshahara wa mwalimu. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990, Zaire iliposhindwa kuwalipa walimu wake, wazazi ndio waliowalisha kwa michango yao. Katiba ya 2006 ilisema shule ya msingi ya serikali ni bure, lakini neno hilo lilingoja mpaka Septemba 2019 ndipo likaanza kutimizwa. Watoto wakajaa madarasani, tukafurahi. Lakini walimu wengi wasioandikwa Kinshasa, wale tunaowaita N.U., walipoteza michango ya wazazi bila kupata fedha ya serikali. Katika shule ile ile yetu, mwalimu wa darasa la kwanza ni N.U. Huja kwa miguu, na mvua haimzuii. Kama umaskini ndio unaomfukuza mtu darasani, mbona asiye na kitu ndiye asiyekosa? Na mzigo wa mwenye mshahara, ni nani anayeubeba ila wasio na mshahara?

Walimu waliogoma Septemba 2024 walidai haki yao mchana kweupe, wakasema sababu yao, nchi nzima ikasikia. Waweza kukubaliana nao au kuwapinga, lakini walisema. Mwenzetu hakugoma, alipotea tu, na jina lake likabaki kazini.

Wengine wasema: na vita je? Juu ya mwalimu aliyekimbia bunduki na watoto wake mgongoni, hatuna neno ila kumwombea. Kabambare imeonja mabaya hayo kupita kiasi. Lakini huyu alikwenda kwa hiari yake upande ule ule ambao wengine waukimbia.

Tena kuna maficho mengine, na hayo ni makubwa kuliko pikipiki. Mwaka 1974 serikali ilizitwaa shule za misioni. Kwa mapatano ya tarehe 26 Februari 1977 ikazirudisha mikononi mwa Kanisa zisimamiwe nalo, huku mshahara ukitoka serikalini. Mapatano mazuri. Lakini mvivu ameona upenyo humo. Ukimshtaki kwa watu wa serikali, waambiwa shule ni ya mapadri. Ukienda kwa mapadri, waambiwa mwalimu alipwa na serikali. Naye aketi katikati, kivulini. Nasi twapenda kusema Kinshasa haijui lolote. Kinshasa itajuaje, ikiwa karatasi inayotoka kwetu yasema «yupo»? Karatasi ile haikuandikwa na waziri. Iliandikwa na mkurugenzi mpole, na katekista aliyepewa sabuni.

Tarehe 10 Mei 2021 Papa Fransisko aliifanya kazi ya katekista kuwa huduma rasmi katika Kanisa. Tulifurahi sana, na parokiani tulipiga makofi. Hatukusoma popote kwamba huduma hiyo ni kuwa kifuniko cha chungu cha mtu.

Wala hatukuanzia barazani. Injili yatupa utaratibu: kwanza umwendee ndugu yako peke yako. Tulimwendea jioni, akatupa kiti, akamwita mtoto alete maji. Akasikiliza mpaka mwisho bila hasira, kisha akasema: «Ndugu yangu, wewe wafanya kwa ajili ya Mungu, mimi nina watoto sita.» Tukamwambia na mwalimu wa darasa la kwanza ana watoto. Akanyamaza. Mara ya pili tulikwenda pamoja na mkurugenzi na mzee yule yule aliyetusema, maana tulitaka asikie kwa masikio yake. Mwenzetu akaahidi. Alifika siku nne mfululizo, akafundisha, na twasema kweli, alifundisha vizuri kutupita sisi. Ndipo uchungu ulipotuzidi. Siku ya tano pikipiki ikaondoka tena.

Mara ya tatu tulisema mbele ya halmashauri ya wazazi. Hatukuomba afukuzwe. Tuliomba wazazi wawe na daftari lao wenyewe la mahudhurio, mbali na lile la ofisi, na kila mwisho wa mwezi madaftari hayo mawili yawekwe mezani mbele ya mkurugenzi na mratibu wa shule. Baba wawili walipinga, wakisema ni kumchunguza mtu mzima kama mtoto. Wengine wakakubali.

Pasaka ilipita, mwalimu wa darasa la tatu akarudi na mtoto wake mgongoni, tukarudisha mikeka mahali pake. Daftari la wazazi latunzwa na mama wa msichana yule. Hakupata kusoma, basi kwa kila siku ambayo mwalimu wa darasa la nne hakufika huchora mstari mmoja. Jumapili iliyopita, baada ya Misa, alitufunulia ukurasa wa mwezi huu. Kuna mistari mitatu.