Tuwafunze Wanetu Kifaransa cha Ugonjwa

Kila mwaka, miezi miwili mitatu kabla ya Septemba, hunijia ofisini wanafunzi waliopata nafasi ya kusoma Ufaransa. Huniuliza bei ya chumba, uzito wa koti la baridi, na iwapo unga wa ugali unapatikana huko. Sijampata hata mmoja aliyeniuliza atamwelezaje daktari mahali panapomuuma. Wala siwalaumu. Mimi mwenyewe sikuuliza, ingawa nilikwenda Lyon mwaka 2017 nikiwa na shahada ya uzamifu katika isimu, pamoja na Kifaransa nilichokisoma tangu shule ya upili.

Kifaransa hicho kilikuwa cha mkahawani na cha stesheni ya gari moshi. Niliweza kuagiza kahawa, kukata tikiti, na kueleza kazi ya baba yangu. Januari ya mwaka uliofuata nilishikwa na maumivu ya kifua upande wa kushoto, na pumzi ikawa haitoshi. Kwa hofu nikadhani ni moyo. Nikampigia simu karani wa daktari mmoja nikamwambia "j'ai mal au cœur", maneno ambayo, yakifasiriwa moja moja, ni "nina maumivu moyoni". Karani akaniuliza nilikula nini jana yake. Akanishauri ninywe maji kidogo kidogo, kisha akanipa nafasi ya kumwona daktari baada ya siku tatu.

Karani hakukosea hata chembe. Kwa Mfaransa, usemi huo una maana ya kichefuchefu. Aibu iliyoje kwa mwanaisimu! Sisi wenyewe husema moyo umenichafuka, na hakuna Mswahili amkimbizaye mtu kwa daktari wa moyo kwa kuusikia usemi huo. Usiku ule jirani yangu, bibi mmoja mkongwe, alinisikia nikikohoa upande wa pili wa ukuta. Akaja, akanitazama, akapiga nambari 15. Nilimsikia akitamka "une douleur dans la poitrine", yaani maumivu kifuani, na "essoufflé", yaani ameishiwa pumzi. Gari la wagonjwa lilifika upesi. Ilikuwa nimonia.

Ni lazima msomaji afahamu jinsi nambari hiyo 15 inavyofanya kazi. Anayeipokea simu huuliza jina, mahali na shida, kisha aghalabu humpa daktari aliye papo hapo, naye ndiye aamuaye kama litumwe gari, au daktari wa kwenda nyumbani, au mgonjwa apewe ushauri tu. (Nambari 18 ni ya wazimamoto, ambao nao huokoa wagonjwa, na 112 hutumika Ulaya nzima.) Daktari huyo hamwoni mgonjwa wala hamgusi. Alicho nacho ni maneno tu. Mwenye maneno pungufu hupata msaada pungufu, hata kama nchi ina hospitali zilizosheheni kila aina ya mitambo.

Siku za kawaida nazo zina taabu yake. Sisi tumezoea hospitali ya misheni au ya wilaya, ambamo daktari, maabara, eksirei na dirisha la dawa vimo uani mwa ukuta mmoja. Katika mji wa Ufaransa, daktari wa kawaida hukaa peke yake katika nyumba ya ghorofa miongoni mwa wapangaji wengine, na kibao chake kimebandikwa mlangoni. Mahali hapo huitwa "cabinet", neno ambalo Mkenya alisikiapo hufikiria mawaziri. Ukiingia katika chumba cha kungojea unatakiwa uwasalimu wote waliomo. Mara nyingi daktari mwenyewe hukufungulia mlango, hukupima, hukuandikia dawa na hupokea fedha kwa mkono wake. Damu utaipeleka maabara mtaa wa pili, kifua utakwenda kupigwa picha mtaa wa tatu, na dawa utazinunua penye msalaba wa kijani. Mgonjwa ndiye tarishi wa ugonjwa wake mwenyewe, na kila kituo ataulizwa maswali upya.

Kuhusu fedha, wanafunzi wengi hudhani kwamba matibabu ya Ufaransa ni ya bure. La. Mfumo wao wa bima, ulioasisiwa mwaka 1945, hukurudishia sehemu ya ulicholipa. Tangu Desemba 2024 ada ya daktari wa kawaida ni euro 30. Bima hulipa asilimia 70 na kukata euro 2, kwa hiyo hurudi 19. Lakini hayo ni kwa yule aliyejiandikisha kwa daktari wake maalumu, aitwaye "médecin traitant". Asiye naye hurudishiwa euro 7 tu. Seuze kumpata si rahisi, kwani madaktari wengi, hata mijini, hawapokei wagonjwa wapya. Mwanafunzi wa kigeni hujiandikisha katika bima hiyo bila malipo mara akishasajiliwa chuoni, na huulizwa pasipoti, cheti cha kuzaliwa na akaunti ya benki. Afanye hivyo wiki ya kwanza, asingoje homa. Hatimaye atapata nambari ya tarakimu 15 inayoanza na 1 kwa mwanamume na 2 kwa mwanamke (lugha yenye ngeli mbili, basi!), kisha mwaka na mwezi wa kuzaliwa, kisha 99 kwa aliyezaliwa ng'ambo. Mgeni wa matembezi yeye hutegemea bima aliyotakiwa kuinunua ili apewe viza, ambayo sharti ifikie angalau euro 30,000. Hata hivyo, kwa daktari wa mtaani, mara nyingi hulipa kwanza mfukoni mwake, akatunza kila karatasi, ndipo akadai.

Hayo yote yamo katika vijitabu vya ubalozi na vya vyuo. Lisilomo ni lile nililolishuhudia miezi michache baada ya kupona, nilipokuwa nikingoja zamu yangu katika hospitali moja ya umma. Kando yangu aliketi mama kutoka Bukavu na mwanawe wa kiume, umri wa miaka kumi hivi. Muuguzi alikuja kumwandaa mama huyo kwa eksirei ya tumbo, na mtoto ndiye aliyekuwa mkalimani. Muuguzi akauliza tarehe ya hedhi yake ya mwisho. Kwa Kifaransa hedhi huitwa "règles", neno ambalo pia ni sheria au kanuni, na mtoto wa shule hulijua kwa maana hiyo ya pili. Akamgeukia mamake, akamuuliza kwa Kiswahili cha kwao sheria zake za mwisho zilikuwa lini. Mama akahamaki. Akasema yeye anafuata sheria zote, na karatasi zake za ukimbizi hazina kasoro.

Sikuweza kunyamaza. Nilimwomba mama radhi, nikamtuma kijana akanitazamie saa ukutani, nikamweleza kwa sauti ya chini alichoulizwa. Alikuwa hajaona damu kwa miezi miwili. Nikamwambia muuguzi, eksirei ikaahirishwa. Mama akasema tu, "Aksanti, baba," akajifunika uso kwa kitenge.

Ufaransa imelitambua tatizo hili. Sheria ya Januari 2016 iliutaja ukalimani katika huduma za afya, na hospitali kubwa zina wakalimani wa simu. Lakini daktari wa mtaani aghalabu hana, na tarishi niliyemtaja huwa peke yake.

Kwa hivyo nawageukia walimu wenzangu wa Kifaransa. Tengeni vipindi vichache muwafunze vijana kusema maumivu yako wapi, yalianza lini, ni ya kuchoma au ya kubana, ni dawa gani wanazotumia na ipi huwadhuru. Wafunzwe pia kwamba malaria huitwa "paludisme", na kwamba mtu mwenye homa aliyetoka Kisumu au Malindi majuzi sharti amweleze daktari ametoka wapi kabla hajaulizwa, maana wakati wa baridi daktari wa Lyon atafikiria mafua kwanza. Mazoezi yawe ya kusema, tena kwa simu, mwenye kusikiliza akiwa amempa mgonjwa kisogo.

Nimelijaribu zoezi hilo na wanafunzi wangu muhula uliopita. Binti mmoja hodari, mwenye alama za juu katika karatasi zote, alitaka kusema "nasikia vibaya". Akapiga simu yake ya kuigiza, akasema kwa matamshi yasiyo na dosari, "J'entends mal." Mwenzake aliyejifanya daktari akapaza sauti, akarudia swali lake polepole, kisha akamwandikia aende kwa mtaalamu wa masikio.