Upuuzi ni wa Nani? Malumbano ya Utani Kisii na Nyamira na Uzembe wa Uhakiki

Miongoni mwa tanzu za fasihi simulizi zinazofundishwa katika shule za sekondari nchini Kenya umo utanzu uitwao malumbano ya utani. Mwanafunzi huikariri fasili yake, sifa zake na dhima zake, akajibu swali la mtihani na kupata alama. Afikapo chuo kikuu hukuta utanzu huo umesukumwa pembeni na utendi, ngano na methali. Akithubutu kupendekeza tasnifu juu ya mizaha ya maneno aliyokua akiisikia katika mji wa Keroka au katika soko la Daraja Mbili mjini Kisii, aghalabu hujibiwa kwamba huo ni upuuzi, si fasihi. Hukumu hiyo ina makosa mawili. Kwanza, inatolewa na watu ambao mara nyingi hawaijui lugha ya pili inayoupa mzaha uhai wake. Pili, inatumia neno "upuuzi" bila kulipima, ilhali Kiswahili kina msamiati mpana wa kuainisha maneno yasiyo na maana.

Yafaa kuanza na mizaha yenyewe. Katika Ekegusii, mtu aulizwaye hali hujibu "mbuya mono", yaani vizuri sana. Mswahili asiyeijua lugha hiyo husikia "mbaya mno". Tofauti kubwa imo katika irabu moja: kilicho chema upande huu huwa kiovu upande wa pili. Hapo ndipo mzaha huzaliwa. Mmoja hujibu "Mbuya mono", mwenziwe akamwambia kwa Kiswahili, "Pole sana, basi twende hospitali", naye hakosi jibu: "Twende, maadamu mgonjwa ni masikio yako, utalipa wewe." Vivyo hivyo, "baba" katika Ekegusii ni mama na "tata" ni baba, ilhali kwa Kiswahili "tata" ni jambo lililofungamana, na ndipo tupatapo neno utata. Mtoto wa Nyamira anaweza kusema bila kosa lolote la kimantiki kwamba baba ndiye aliyemnyonyesha. Atakayemcheka bila kujua sababu amejicheka mwenyewe.

Mhakiki wa upande wa pili atadai kwamba hizi ni athari za lugha ya kwanza tu, na kwamba mahali pake ni daftari la mwalimu, si jarida la fasihi. Dai hili lina chembe ya ukweli. Ni kweli kwamba sauti /l/ na /p/ hazimo katika konsonanti za asili za Ekegusii, na ndiyo maana pesa zikawa "chibesa". Ni kweli pia kwamba mwanafunzi anayeandika "kula" alipokusudia "kura" anapaswa kusahihishwa. Lakini kosa na mchezo ni vitu viwili. Mkosaji hajui kwamba amekosea, hali mtani anajua maneno yote mawili na huchagua lile litakaloleta utata. Mkulima anaposema kwamba mgombea "amekuja kuomba kula", kisha akaulizwa iwapo alikusudia kura, anaweza kusingizia ulimi wake. Lafudhi inayodharauliwa darasani ndiyo inayompa kinga ya kumshutumu mkubwa mbele ya umma. Kuiita tashtiti ya namna hiyo kosa la matamshi ni kushindwa kuisoma matini.

Ajabu ni kwamba vyuo hivyo hivyo havioni taabu kuufundisha mchezo huu ukitoka ng'ambo. Bi Malaprop wa tamthilia ya Sheridan, The Rivals, ya mwaka 1775, huchanganya maneno makubwa asiyoyaelewa, na jina lake limezaa istilahi nzima ya uhakiki. Dogberry, mlinzi katika tamthilia ya Shakespeare iitwayo Much Ado About Nothing, hufanya yayo hayo, na wanafunzi huulizwa katika mitihani waeleze ufundi wake. Itasemwa kwamba nyuma ya Dogberry yuko mtunzi anayejua anachokifanya. Na nyuma ya mzaha wa Keroka je? Yuko mtunzi vilevile; tofauti ni kwamba mtunzi huyo na mhusika ni mtu mmoja, na hadhira yake ina haki ya kumjibu papo hapo. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walipoandika waraka wao katika Chuo Kikuu cha Nairobi, walitaka fasihi ya Afrika, ikiwemo ile ya mdomo, iwekwe katikati ya masomo. Haingii akilini kwamba fasihi simulizi ikubaliwe kwa jina, kisha utanzu wake ulio hai zaidi ukataliwe kwa sababu unachekesha.

Ama kuhusu neno "upuuzi" lenyewe, wahakiki wamelitumia kama rungu. Asili yake ni kitenzi puuza: upuuzi ni kile ambacho msikilizaji ameamua kutokijali. Kwa hiyo neno hili huzungumzia zaidi uamuzi wa msikilizaji kuliko kasoro ya msemaji. Waswahili walipotaka kuitaja kasoro ya msemaji walibuni maneno mengine. Puo ni usemi ulio wa kipumbavu wenyewe. Porojo ni maneno ya kupitishia wakati, ambayo hayamdhuru mtu. Uzushi una kosa la ukweli. Anayeropoka ana kosa la wakati na mahali, kwani huenda alisemalo ni kweli tupu. Anayebwabwaja amepotewa na mpangilio, na sauti ya kitenzi hicho yenyewe yaigiza kinywa kisichotulia. Anayetoa pumba, kama wasemavyo Watanzania, amewapa watu makapi baada ya nafaka kuondolewa. Maneno yasiyo kichwa wala miguu yana kosa la muundo. Vijana wa Nairobi nao wameongeza "stori za jaba", yaani masimulizi ya watafunao miraa, ambayo hurefuka kadiri majani yanavyodumu mdomoni. Huu ni uhakiki kamili: umetenga ukweli, muundo, wakati, sauti na kiini. Msomi anayeuacha msamiati wote huu akashika neno moja tu ana zana chache kuliko wachuuzi anaowadharau.

Kwa kipimo hicho, mzaha wa "mbuya mono" si puo, kwa maana una mantiki kali. Si pumba, kwa maana kiini chake ni uhusiano wa lugha mbili za Kibantu zilizo ndugu. Si uzushi, kwa maana hakuna anayedanganywa. Pengine ni porojo, lakini hata porojo ina adabu zake. Mwaka 1951 mwanaanthropolojia Philip Mayer alichapisha makala juu ya utani wa marika miongoni mwa Abagusii. Alionyesha kwamba wenzi wa rika moja huruhusiana maneno makali, hata ya aibu, ambayo ni mwiko baina ya mzazi na mwana, ambako hutawala heshima iitwayo chinsoni. Utani huo ulikuwa ishara ya usawa. Aliyetaniwa alikuwa na haki ya kutania.

Usawa huo ndio unaokosekana katika baadhi ya vichekesho vya jukwaani na vya runinga, ambavyo hadhira huvichukulia kuwa ndivyo utani wenyewe. Mchekeshaji huiga lafudhi ya Kigusii, watu wakaangua kicheko, na hakuna neno hata moja la Ekegusii lililotajwa wala kueleweka. Anayeigwa hayupo na hawezi kujibu. Hayo si malumbano, kwani malumbano yahitaji wawili. Ikiwa uhakiki unatafuta upuuzi wa kuukemea, na uanzie hapo, badala ya kuvitia vitu viwili vilivyo tofauti katika kapu moja.

Wala Kiswahili rasmi chenyewe hakijatakasika. Abagusii huiita lugha yao Ekegusii. Kiambishi eke- ni ndugu wa ki-, na shina ni -gusii. Umbo "Kisii" lilikita mizizi katika ofisi za serikali tangu enzi za ukoloni, na juu yake wasemaji wa Kiswahili, vitabu vikiwemo, wakaongeza ki- nyingine wakapata "Kikisii", neno ambalo masikioni lina kigugumizi. Mchanganyo huu haujachekwa na mtu. Unapofanywa na wenye mamlaka huitwa istilahi. Unapofanywa na mchuuzi wa ndizi huitwa ujinga.

Jambo hili halihusu vicheko pekee. Tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kimekuwa somo la lazima lenye kutahiniwa, na maelfu ya watoto wa Kisii na Nyamira wamepimwa kwacho. Mwalimu anayejua kwamba "baba" ni mama katika Ekegusii ataigeuza insha ya mtoto kuwa somo la lugha mbili, na darasa litacheka pamoja naye. Asiyejua atatia mkwaju mwekundu, na mtoto ataondoka akiamini kwamba lugha ya nyumbani kwao ni kasoro ya akili. Mtoto huyo ndiye mwanafunzi wa uzamili wa kesho, atakayekuja kuambiwa na msimamizi wake kwamba alichokileta ni porojo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na papo hapo inaitaka dola ikuze na kulinda lugha mbalimbali za watu wa Kenya. Idara za Kiswahili zimeshika nusu ya kwanza ya kifungu hicho zikaiacha ya pili.

Hapana budi basi malumbano haya yakusanywe mahali yanapotendeka, yanukuliwe pamoja na majibu yake, na irabu saba za Ekegusii ziandikwe kwa uangalifu, maana katika mizaha hii irabu ndiyo hoja. Msimamizi anayepokea pendekezo la tasnifu ya aina hii, naye haijui Ekegusii, amtafute mwenzake anayeijua kabla ya kutoa hukumu. Baada ya hapo yuko huru kusema kwamba mzaha fulani ni hafifu. Lakini aseme uhafifu wake ni upi: ni puo, ni pumba, au ni kuropoka.